Jason Bourne Ako Sawa, Lakini Jenerali Haraka Ni Wetu

Wasee, mnamaliza bando mkifuatilia majasusi wa Marekani, na mtu wa hapa Nanyuki aliandika moto kuliko hiyo mwaka wa 1974. Meja Mwangi. Kitabu kinaitwa Carcase for Hounds.

Jenerali Haraka ni wa Mau Mau, Kapteni Kingsley anamsaka. Bunduki ziko, usijali. Lakini kilichonishika si risasi. Haraka anaumia, analala pangoni kidonda kikizidi, na Kimamo, msaidizi wake, hamwachi. Hapo ndio unaona movi nyingi ni kelele tu.

Na kwetu hii si hadithi tu. Polisi wa mkoloni, akina Ian Henderson, waliwageuza wapiganaji waliotekwa, wakawarudisha msituni wakijifanya bado ni wenzao. Ndivyo Kimathi alivyosakwa hadi akakamatwa Oktoba 1956, hapa hapa Nyeri. Hebu fikiria kula sahani moja na mtu usiyejua ni wa nani! Ukimuuliza guka nani kijijini alikuwa upande gani, anahamia stori ya kahawa.

Kitabu chenyewe ni kifupi, wikendi moja unamaliza. Ukikiona kwa wauza vitabu vya mtumba, usikirudishe chini.