KUCHELEWA KUNA MWENYEWE

Hakuna mtumishi wa umma asiyekijua kikao cha aina hii. Jengo limefika kwenye lenta na limesimama hapo. Muda uliopangwa umekwisha. Wajumbe wameketi, na swali lililo mezani ni moja tu: nani amechelewesha? Fundi anasema hakuletewa mbao za kenchi. Mzabuni wa mbao anasema hakupewa vipimo. Mchomeleaji wa madirisha anasema vipimo alipewa mara mbili, navyo havikulingana. Aliyetoa vipimo anasema mabadiliko yaliagizwa kutoka juu. Mhasibu anasema hati za malipo hazikukamilika. Kila mmoja ana jibu, na kila jibu lina chembe ya ukweli ndani yake. Kikao kinafungwa kwa azimio kwamba kazi iharakishwe, na jengo linabaki bila paa.

Wapo wanaodhani kwamba ugonjwa huu ni wa nchi maskini, na kwamba penye fedha na mitambo haupo. Dhana hiyo si ya kweli. Mfano mkubwa wa kuukana ni uwanja ambao walimu na watumishi wengi wanaufahamu kwa sababu ya kandanda: Uwanja wa Wembley, mjini London.

Uwanja wa zamani wa Wembley ulifungwa mwaka 2000. Mwaka 2002 kampuni ya Multiplex, yenye asili ya Australia, ilipewa kazi ya kujenga uwanja mpya wa watu 90,000 kwa bei iliyofungwa, inayozidi pauni milioni 300. Kazi ya chuma, yaani kukikata, kukiunga karakanani, kukifikisha mahali pa ujenzi na kukisimamisha, ilikabidhiwa Cleveland Bridge ya mji wa Darlington kwa bei ya pauni milioni 60. Kampuni hiyo haikuwa changa. Ndiyo iliyojenga daraja la Maporomoko ya Viktoria juu ya Mto Zambezi, lililofunguliwa mwaka 1905, ambalo chuma chake kilitengenezwa Uingereza na kusafirishwa kupitia bandari ya Beira. Kampuni iliyoweza kutengeneza daraja Darlington na kulisimamisha katikati ya Afrika ilitarajiwa isishindwe na uwanja ulio umbali wa kiasi cha kilomita 400 kutoka karakana yake.

Lakini kazi ya chuma si kama kazi ya tofali. Tofali likikosewa fundi hulichonga papo hapo. Kipande cha chuma hukatwa na kutobolewa karakanani kwa kufuata mchoro. Kikifika mahali pa ujenzi, matundu yake hayana budi kukutana na matundu ya kipande kingine. Mchoro ukichelewa, karakana husimama. Mchoro ukibadilishwa baada ya chuma kukatwa, kipande hurudiwa. Karakana nayo ikizembea, winchi na wafanyakazi hukaa bure huku gharama zao zikihesabiwa. Hivyo wanaochora, wanaotengeneza na wanaosimamisha wamefungwa kamba moja, na anayejikwaa huwavuta wenzake.

Hilo ndilo lililotokea Wembley. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2004, mkandarasi mkuu alikuwa akisema kwamba chuma kinachelewa, kina kasoro na vipande vinapungua. Watengenezaji wa chuma walikuwa wakijibu kwamba michoro ya wahandisi inakuja kwa kuchelewa na kubadilishwa mara kwa mara, na kwamba malipo yao yanakatwa. Yalifanywa makubaliano mapya, nayo hayakudumu. Tao kubwa la uwanja, lenye urefu wa mita 315 na kimo cha mita 133, liliinuliwa katikati ya mwaka huo. Lakini mwezi Agosti Cleveland Bridge iliondoka, na kazi iliyobaki ikachukuliwa na kampuni ya Hollandia ya Uholanzi. Fainali ya Kombe la FA ya mwaka 2006, iliyokusudiwa kuchezwa katika uwanja mpya, ilichezwa Cardiff. Uwanja ulikabidhiwa Machi 2007, na fainali ya kwanza, Chelsea dhidi ya Manchester United, ikachezwa mwezi Mei mwaka huo.

Ubishi uliishia mahakamani. Mwaka 2006 iliamuliwa kwamba Cleveland Bridge haikuwa na haki ya kuiacha kazi. Mwaka 2008 hukumu ya mwisho iliipa Multiplex pauni milioni 6 na ushei, kiasi kidogo sana kuliko kilichodaiwa. Gharama za kesi kwa pande zote mbili zilikwisha kufikia pauni milioni 22, na pauni milioni 1 katika hizo ilitumika kutoa nakala za makaratasi tu. Jaji alizilaumu pande zote kwa kuziacha nafasi za kupatana. Alichopewa mshindi hakikufika hata theluthi moja ya gharama ya kumtafuta mshindi.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka huo huo wa 2008 Multiplex iliwafungulia madai wahandisi wa Mott MacDonald, ikitaka zaidi ya pauni milioni 250 kwa sababu ya usanifu wao. Wahandisi waliyakana madai hayo, na shauri likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama mwaka 2010. Madai si hukumu, na hapana haki ya kumtia hatiani mtu kwa shauri lililopatanishwa. Hata hivyo jambo moja linajionyesha lenyewe. Watengenezaji wa chuma walipolalamika kwamba michoro ndiyo iliyowachelewesha, mkandarasi mkuu aliwapinga. Alipomaliza nao, yeye mwenyewe aliwageukia wenye michoro.

Somo la kwanza la Wembley, basi, ni kwamba ucheleweshaji mkubwa ni nadra kuwa na mkosaji mmoja. Hujengwa siku kwa siku, leo na huyu, kesho na yule. Lakini kusema hivyo si kusema kwamba hauna mwenyewe. Kila siku iliyopotea ina mwenyewe wake. Tatizo ni kwamba mwenyewe huyo hujulikana siku ile ile, na baada ya miezi sita hajulikani tena. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nazo ni mali, na katika ujenzi ni mali ya bei ghali kuliko saruji.

Somo la pili lawahusu zaidi walimu na watumishi wa halmashauri nchini Tanzania. Huko Wembley mwenye uwanja alikuwa na mkandarasi mkuu aliyefungwa na bei. Chuma kilipochelewa, hasara kubwa ilimwangukia mkandarasi huyo. Katika ujenzi wa shule kwa kutumia mafundi wa kawaida, utaratibu uliozoeleka kwa jina la fosi akaunti, mkandarasi mkuu hayupo. Mnamo mwaka 2021, yalipojengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, walimu wakuu, wakuu wa shule na kamati zao walijikuta wakiagiza saruji, wakipokea nondo na kupatana na mafundi huku vipindi vikiwasubiri. Utaratibu huo una faida zake, kwani fedha ambayo ingekuwa faida ya mkandarasi hubaki katika jengo. Lakini una upande wa pili usiotajwa mara nyingi: aliyeondoa faida ya mkandarasi ameondoa pia mgongo wa mkandarasi. Mabati yakichelewa hakuna wa kubebeshwa hasara. Anayeibeba ni umma, na katika umma ni mtoto atakayesoma katika chumba chenye wanafunzi waliobanana.

Kwa kuwa mbeba hasara hayupo, hutafutwa mbeba lawama, naye kwa kawaida huwa ni yule aliye mwisho wa mnyororo. Mara nyingi ni mkuu wa shule, kwa sababu jengo liko mbele ya ofisi yake na jina lake liko kwenye hati. Kama amezembea, basi awajibishwe. Kama amekula fedha, sheria ifuate mkondo wake. Lakini ikiwa mchoro ulikaa wiki tatu juu ya meza ya mtaalamu, na idhini ya malipo ikakaa wiki mbili juu ya meza nyingine, si haki siku hizo thelathini na tano zihesabiwe kuwa ni za mwalimu. Na tena si haki tu. Haileti hata manufaa. Kumwadhibu asiyechelewesha hakumwongezi kasi aliyechelewesha. Humfundisha tu kwamba meza yake ni salama.

Zipo hatua ambazo hazihitaji fedha mpya wala sheria mpya. Kwanza, kazi isiagizwe karakanani kabla vipimo havijakamilika na kutiwa sahihi. Fremu na madirisha yaliyochomelewa kwa vipimo vya kukisia ndiyo yanayorudishwa yakiwa hayaingii. Pili, kila hati ya kuagizia mali ionyeshe siku ya kuagiza na siku ya kupokea, na mali iliyopokelewa ihesabiwe na kupimwa mbele ya kamati ya mapokezi kabla haijashushwa. Tatu, liwepo daftari la ujenzi ambamo kila jioni huandikwa sentensi moja: leo kazi imefanyika, au leo kazi imesimama kwa sababu ya kitu fulani kinachosubiriwa kwa mtu fulani. Nne, anayesubiriwa ajulishwe kwa maandishi siku hiyo hiyo, hata kama ana cheo kikubwa kuliko anayemjulisha. Tano, mabadiliko ya mchoro yaandikwe pamoja na siku yatakazoongeza, na aliyeyaagiza atie sahihi. Yule anayebadilisha kwa mdomo wakati wa ziara, kisha akarudi baada ya mwezi kuuliza kwa nini kazi haijaisha, ameshiriki kuichelewesha.

Watakuwapo watakaosema kwamba huo ni urasimu, na kwamba fundi hajengi kwa karatasi. Jibu ni kwamba sentensi moja kila jioni haijapata kumchelewesha fundi yeyote. Karatasi zinazochelewesha ni zile zinazoandikwa mwishoni, kujitetea. Wembley zilikuwapo karatasi za namna hiyo kwa wingi, na kuzinakili peke yake kuligharimu pauni milioni 1. Tofauti ya daftari la kila siku na maelezo ya kujitetea ni tofauti ya shahidi na wakili.

Wapo pia watakaoogopa kumwandikia aliye juu yao. Hofu hiyo inaeleweka, na kuiondoa ni kazi ya walio juu, si ya walio chini. Mkurugenzi atakayepokea barua ya mkuu wa shule kwamba idhini inasubiriwa mezani kwake, akaijibu kwa idhini badala ya kuijibu kwa karipio, atakuwa ameokoa siku nyingi kuliko ziara kumi za ukaguzi.

Cleveland Bridge yenyewe haipo tena. Mwaka 2021 ilishindwa kujiendesha na karakana zake zikafungwa. Daraja la Zambezi lingali limesimama, na tao la Wembley lingali laonekana kutoka mbali. Watazamaji wa mpira hawajui ni siku ngapi zilipotezwa na mchoro na ngapi zilipotezwa na karakana, na hawana haja ya kujua. Lakini mzazi ambaye mwanawe anasubiri darasa lisilo na paa anayo haki ya kujua, naye ajibiwe kwa daftari lenye tarehe na majina.