Kengele ya Saa Kumi Alfajiri Haiongezi Alama

Katika shule nyingi za bweni nchini Kenya, kengele hulia saa kumi alfajiri na muda si mrefu watahiniwa wako darasani kwa prepu, yaani kipindi cha kujisomea. Ratiba hiyo husifiwa kuwa ni bidii. Mimi naiona kuwa hasara, tena hasara ya masomo yenyewe, kwa sababu usingizi wa alfajiri si sawa na wa saa tano usiku. Tangu Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoeleza mwaka 1953 jinsi macho ya aliyelala yanavyocheza chini ya kope anapoota, wataalamu wamebaini kwamba usiku hupita kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mizunguko ya kwanza hujaa usingizi mzito. Ya mwisho, kuelekea mapambazuko, ndiyo yenye usingizi mwingi wa ndoto. Aliyelala saa nne akaamshwa saa kumi amepata sehemu kubwa ya usingizi mzito, lakini amekatizwa pale ndoto zinaporefuka. Na usingizi huo ndio watafiti wanaouhusisha na kutulia kwa hisia na kuunganishwa kwa mambo mapya na ya zamani akilini.

Wapo watakaosema basi na walale mapema. Laiti mwili wa kijana ungekubali! Wakati wa balehe, saa ya mwili huchelewa, na melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huweza kuchelewa kwa muda wa hadi saa mbili. Taa za prepu ya usiku huichelewesha zaidi. Ukimlaza saa mbili usiku atakodolea dari macho. Liangalie darasa la alfajiri: mmoja amesimama nyuma na kitabu ili asisinzie, mwingine ametoka kunawa maji baridi, wa tatu shavu liko juu ya daftari na kalamu imechora mstari unaoteremka hadi ukingoni. Huyo hasomi hata kidogo.

Hoja nzito zaidi ya wanaoitetea ratiba hiyo ni kwamba shule zinazoamka mapema ndizo zinazong'ara katika mtihani wa kitaifa wa KCSE. Lakini shule hizo pia huchukua wanafunzi waliofaulu vizuri tangu awali, zina maabara na walimu wa kutosha. Kengele inapewaje sifa hiyo peke yake? Jijini Seattle, Marekani, mwaka 2016 shule za sekondari zilisogeza masomo kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo asubuhi. Wanafunzi hawakuutumia muda huo kukesha: walilala dakika 34 zaidi, na alama za darasa lililochunguzwa zikapanda. Kenya haihitaji hata sheria mpya. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimetenga saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa muda wa kulala bwenini. Wakaguzi wa wizara wafike shuleni alfajiri, si saa nne mchana, na wazazi wanaotafuta shule waulizie ratiba ya usiku kama wanavyoulizia wastani wa alama.