Jiwe la Njiani na Jiwe la Ufukweni

Aprili 1879, tarishi wa posta katika kijiji cha Hauterives, kusini-mashariki mwa Ufaransa, alijikwaa nusura aanguke. Ferdinand Cheval, aliyekuwa na miaka 43, aligeuka kutazama kilichomtega. Jiwe! Tena lenye umbo la ajabu, limechongwa na maji utadhani ni kazi ya fundi. Akalitia mfukoni. Kesho yake akarudi palepale, akakuta mengine mazuri zaidi.

Kila siku alitembea kilomita zipatazo 30 akigawa barua, na sasa mawe yakawa mzigo wa pili. Mifuko ikatoboka, mkewe akachoka kuishona. Kikaja kikapu, kisha toroli. Majirani wakaona amerukwa na akili. Kwa miaka 33 alijenga kwa mawe yale bustanini kwake, hadi mwaka 1912 likasimama jumba lenye urefu wa mita 26 hivi. Mwaka 1969 serikali ya Ufaransa ikaliweka katika orodha ya majengo ya kihistoria.

Si kila mwenye ua anahitaji jumba. Hata hivyo, tarishi huyu anawashinda mbali wanaopamba bustani kwa kokoto nyeupe za gunia, zote saizi moja kama mchele uliopembuliwa. Ukimuuliza mwenye bustani ya aina hiyo jiwe lipi limetoka wapi, atakutajia bei.

Wabaya zaidi ni wanaokomba fukwe. Changarawe za pwani huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajala nchi kavu. Kisiwani Sardinia, Italia, anayebeba mchanga, kokoto au makombe hutozwa faini ya yuro 500 hadi 3,000. Ni kali? Kokoto moja si kitu, ila watalii huja kwa ndege nzima nzima.

Afadhali kuokota kwenye mtaro uliochimbwa jana, au kwenye shimo la kisima cha jirani, kwa ruhusa yake bila shaka. Huko jiwe lisipookotwa litafukiwa.

Kwingineko, kulirudisha jiwe si rahisi kama kuliokota. Katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, kuna magogo yaliyogeuka mawe tangu zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Watalii waliodokoa vipande huvirudisha kwa posta (matarishi na mawe tena!) pamoja na barua za kuomba radhi. Lakini hakuna ajuaye kila kipande kilitoka wapi, na kukiweka popote tu ni kuwapotosha watafiti. Basi hutupwa kando ya barabara ya ndani ya hifadhi, kwenye rundo ambalo limepewa jina: rundo la dhamiri.