Tovuti ya ushirika: Daftari litunzwe kwenye seva ya nani?

Vyama vya ushirika na wafanyabiashara wadogo wanaoagiza tovuti ya kupokea oda au kuandika mizigo ya wanachama hujadili sana rangi na picha. Fedha na hatari ziko nyuma, mahali ambapo mteja haoni: kwenye seva inayopokea taarifa, kupiga hesabu na kutunza daftari.

Tovuti nyingi hutumia lugha ya JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995 kwa ajili ya kurasa za intaneti. Tangu Node.js ilipotoka mwaka 2009, lugha hiyo hiyo huendesha na seva kwa urahisi, hivyo fundi mmoja anaweza kushika kazi yote. Kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ni nafuu kubwa.

Ugumu ni seva iwe ya nani. Chama kinaweza kukodi seva kwa mwezi na kuweka humo programu na daftari lake, ila lazima kuwe na fundi wa kuiangalia. Au kinaweza kujiunga na huduma iliyo tayari, ambapo kampuni hubeba kazi yote ya nyuma. Hii huanza kwa bei ndogo, wakati mwingine bure.

Parse ilikuwa huduma ya namna hiyo. Facebook iliinunua mwaka 2013, ikatangaza Januari 2016 kwamba itaifunga, na mwaka mmoja baadaye ikaifunga. Wateja walibahatika: walipewa muda wa kuhama, na programu ya seva ya Node.js ikatolewa bure ili wajiendeshee wenyewe. Si kila kampuni itakuwa na huruma hiyo. Mkulima wa korosho akipeleka mzigo ghalani hupewa stakabadhi. Mwenye tovuti naye adai yake: nakala kamili ya daftari kila wiki, inayofunguka kwenye seva nyingine.

Wapo mafundi wanaopenda kuigawa programu vipande vingi vinavyojitegemea. Mwaka 2023 wahandisi wa Amazon Prime Video walieleza kuwa waliunganisha vipande vya mfumo wao wa kukagua ubora wa video, gharama ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Chama chenye wanachama 400 kina haraka gani ya kuanzia huko?

Kuna na suala la mtandao wenyewe. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Programu inayohifadhi vipimo kwanza kwenye simu ya karani wa mizani, kisha kuvituma seva mtandao ukirejea, isingesimamisha foleni ya wakulima siku hiyo.