Saini ya Baba, Miaka ya Nyumba Nzima



Juma lililopita baada ya swala ya alasiri alinijia mama mmoja wa mtaa wetu, mtu mzima wa heshima, na suala lililokuwa likimkosesha usingizi. Mwanawe ni fundi wa mitambo ya meli. Mwajiri wake alimsomesha kwa gharama zake, na kwa ajili hiyo kijana akafungwa na mkataba wa miaka kadhaa, ambao muda wake sasa unakaribia kwisha. Mwajiri amemwekea fungu la fedha mezani: atie saini miaka mitano mingine, alipwe. Na upande wa pili kampuni moja ya Ghuba inamwita kwa mshahara mkubwa zaidi. "Sheikh," akaniuliza, "mwanangu atie saini au aondoke?"

Nilimwomba anipe muda. Si kwa kuwa suala lenyewe ni gumu kisheria, la. Mkataba ukishatimizwa, mtu yu huru kutafuta riziki ya halali popote apendapo. Ugumu wake ni wa hesabu, na hesabu hii wako watu ambao wameifanya hadharani kwa miaka mingi kuliko sisi, nao ni marubani wa jeshi la anga la Marekani. Nimekuwa nikiyasoma mambo yao, na leo napenda tuyatazame pamoja. Sizungumzii hapa vita vya dola hiyo. Hayo yana mahali pake. Nazungumzia meza ya chakula ya rubani, mkewe na wanawe, na karatasi inayongoja saini.

Rubani wa jeshi hilo akishahitimu mafunzo na kuvishwa beji ya mabawa hudaiwa miaka 10 ya utumishi. Kuondoka kabla ya hapo si hiari yake. Deni hilo linapokwisha, aghlabu huwa amefikia umri wa miaka 33 au 34. Ana mke, ana watoto wanaosoma, na amekwisha kuhamishwa kituo mara kadhaa. Hapo ndipo milango miwili inapofunguka mbele yake kwa wakati mmoja.

Mlango wa kwanza ni wa jeshi lenyewe, linalomwambia abaki na alipwe kwa kubaki kwake, juu ya mshahara wake wa kawaida. Malipo haya si mapya, ila yamekuwa yakipanda. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 25,000 kwa mwaka. Baadaye bunge lao likakipandisha kuwa dola 35,000, kisha dola 50,000. Katika mwaka wa fedha wa 2024, rubani aliyekubali kujifunga kwa miaka 12 aliweza kuahidiwa jumla ya dola 600,000. Si kila rubani hupewa kiasi hicho. Hutegemea aina ya ndege anayorusha na urefu wa miaka anayoitia saini, na serikali hukata kodi yake humo humo.

Msomaji atauliza: ukarimu huu watoka wapi? Hautoki katika ukarimu. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria kwamba kumfunza rubani mmoja wa ndege ya kivita aina ya F-16 hugharimu kama dola milioni 5.6, na wa F-22 karibu dola milioni 10.9. Hata wa ndege ya mizigo ya C-17 hugharimu zaidi ya dola milioni 1. Basi mwajiri anayetoa laki kadhaa ili asipoteze mamilioni hafanyi hisani, anafanya hesabu. Hakuna aibu katika hilo. Ila na aliye upande wa pili wa meza naye afanye yake, wala asidhani kwamba ukubwa wa fungu ni kipimo cha mapenzi.

Mlango wa pili ni wa mashirika ya ndege za abiria. Mwaka 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na mji wa Buffalo, wakafa watu 50. Baada ya msiba ule sheria ikakazwa: anayetaka kuwa rubani msaidizi katika mashirika hayo sharti kwa kawaida awe na saa 1,500 za kuruka. Aliyefunzwa na jeshi hukubaliwa kwa saa 750, naye huwa amekwisha kuzipita zamani. Kwa hiyo anatakiwa, na mwaka 2022 mashirika yalikuwa yakishindana. Mwaka 2023 marubani wa shirika la Delta walipata mkataba ulioongeza malipo yao kwa asilimia 34 katika muda wa miaka michache, na wenzao wa United na American wakafuata nyayo.

Hapa sasa ndipo penye siri ya hesabu yote, nanyi akina mama mtaielewa upesi kuliko wengi. Katika mashirika yale, mshahara, aina ya ndege, kituo, likizo na hata siku za kulala nyumbani, vyote hufuata orodha ya nani aliajiriwa kwanza. Ni kama foleni ya ndoo kwenye bomba la maji. Haiulizwi ndoo ni ya nani wala ni ya ukubwa gani. Huulizwa ilifika lini. Kanali aliyeruka vitani miaka ishirini atakaa nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki moja kabla yake, na atabaki nyuma yake mpaka mmoja wao astaafu. Na kustaafu kuna siku yake, kwani sheria humtoa rubani wa abiria kazini akitimiza miaka 65.

Tuwachukue marubani wawili, wote wana miaka 34 na wamelitumikia jeshi kwa miaka 12. Wa kwanza anaondoka leo. Mwaka wa kwanza katika shirika la ndege, aghlabu mapato yake hushuka chini ya aliyokuwa akipata jeshini, na mkewe hubana matumizi. Lakini ana miaka 31 mbele yake. Wa pili anatia saini miaka 8 kwa dola 50,000 kila mwaka, apate dola 400,000 kabla ya kodi. Anaondoka na miaka 42, akabakiwa na miaka 23.

Miaka 8 ambayo huyu wa pili ameikosa katika shirika ni ipi? Mtu hudhani ni ile ya mwanzo, yenye mshahara mdogo, kwa hiyo hasara yake ni ndogo. Sivyo. Ile ya mwanzo ataipitia tu, maana kila mmoja huanzia mkiani. Anayoikosa ni minane ya mwisho, ile ambayo mwenzake atakuwa kapteni wa ndege kubwa, na kapteni mkongwe wa ndege kubwa katika mashirika hayo huweza kupata zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka mmoja. Fungu lote la miaka 8 limelingana na mwaka mmoja wa uzeeni. Bandu bandu huisha gogo, na miaka nayo hubanduliwa upande ambao hatuutazami.

Je, basi wa pili amepumbazika? Hasha, tusiharakishe. Ametimiza miaka 20 jeshini, na miaka 20 ndiyo mstari wa pensheni. Kwa utaratibu wa zamani hupata nusu ya mshahara wake wa msingi kila mwezi maisha yake yote, wala hangoji uzee. Huanza kulipwa mara atokapo, angali na nguvu za kufanya kazi nyingine. Walioingia tangu 2018 wana utaratibu mwingine, wa pensheni ndogo kidogo pamoja na akiba inayochangiwa na serikali. Juu ya hayo kuna haki ya matibabu kwa gharama nafuu, yake na ya mkewe. Katika nchi ambayo ugonjwa mmoja waweza kufilisi nyumba, hilo si jambo dogo.

Na kuna jambo jingine ambalo hesabu ya karatasini hailioni. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001, maelfu ya marubani wa abiria waliondolewa kazini. United na US Airways ziliomba himaya ya mahakama kwa kufilisika mwaka 2002, Delta na Northwest mwaka 2005, na marubani wa United wakaona mfuko wao wa pensheni ukivunjwa. Mwisho wa 2007 umri wa kustaafu ukapandishwa kutoka miaka 60 hadi 65, na kwa vijana waliokuwa wakingoja wakubwa watoke, foleni ikasimama miaka mitano. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Mashirika yakawalipa maelfu ya marubani wakongwe wastaafu mapema, na miaka miwili baadaye yakawa yanatafuta marubani kwa tochi. Aliyepiga hesabu mwaka 2000 akaiona njia nyeupe, mwaka mmoja baadaye alikuwa nyumbani bila kazi. Riziki ina mwenyewe aigawaye, na grafu za waajiri hazina elimu ya ghaibu.

Ndiyo maana wako wanaoshika njia ya tatu. Huacha utumishi wa kudumu, wakaajiriwa na shirika, na papo hapo wakajiunga na kikosi cha akiba cha jeshi, wakiruka siku chache za mwezi. Wameweka ndoo kwenye foleni mapema, na hawakuutupa mstari wa pensheni, ingawa malipo yake huchelewa hadi karibu na miaka 60. Kwao gharama ni siku za nyumbani: mtu ana waajiri wawili, na mke ana nusu ya mume.

Hapa nafika kwenye lile lililonifanya niandike. Ukiwasikiliza marubani hao wakieleza kwa nini wanaondoka, fedha si neno la kwanza daima. Watakwambia wamechoka na kazi za mezani, kwa kuwa jeshini kadiri mtu apandavyo cheo ndivyo anavyopungukiwa na kuruka na kuzidiwa na makaratasi. Watakwambia wamechoka kuhamishwa kila miaka miwili mitatu. Na kila uhamisho una mke aliyeacha kazi yake tena, na mtoto aliyebadilishwa skuli katikati ya masomo. Yule mke hakuvaa sare wala hakuapishwa, lakini ametumikia miaka ile ile.

Lakini na kule kwa abiria mambo si asali. Rubani mpya aliye mkiani mwa orodha ndiye hupangiwa sikukuu, ndiye huwekwa akingoja simu, ndiye hulala katika hoteli za miji ya watu. Anayeondoka jeshini akitumaini kuwa nyumbani kila usiku, huenda akangoja miaka kabla ya kuipata haki hiyo. Kwa hiyo "mshahara mkubwa" na "baba nyumbani" ni mambo mawili, na kila moja liulizwe peke yake.

Na saini ni ahadi. Rubani aliyepokea fedha za kubaki hana ruhusa ya kubadili nia mwaka wa tatu kwa kuwa shirika limepandisha mshahara. Na asipotimiza sharti, hudaiwa arejeshe sehemu ambayo hajaitumikia. Ahadi ni deni. Asiyeweza kuishi na miaka mitano asiitie saini kwa sababu ya deni la gari.

Kwetu sisi mambo haya si ya mbali. Marubani wa Kenya wameonekana katika mashirika ya Ghuba, na nyumba ngapi za pwani hii zina mtu Doha, Dubai au Muscat? Kila mmoja wao aliwahi kusimama mbele ya milango miwili. Rai yangu ni ndogo. Miaka ihesabiwe mpaka ile ya mwisho, wala isiishie kwenye fungu la leo. Mkataba usomwe wote, pamoja na kifungu cha kuuvunja. Akiba iwekwe ya kumvusha mtu mwaka wa kwanza, na mwaka ambao kazi itafungwa bila taarifa. Kisha mtu ashauriane na watu wake, aswali istikhara, akiazimia atawakali.

Yule mama aliporejea siku ya Ijumaa, nilimweleza haya kwa muhtasari. Kisha nikamuuliza, "Na mkewe kijana amesemaje?" Akanyamaza kidogo, akarekebisha buibui lake. "Hatujamuuliza," akasema.

Nikamwomba akamuulize, na amwache aseme kwanza, kabla ya wakubwa. Siku mbili baadaye akaniletea habari. Binti yule hakuanza na mshahara. Aliuliza: mkataba wa Ghuba unamruhusu mume wake kuja nyumbani mara ngapi kwa mwaka, na kwa nauli ya nani? Karatasi ilikuwa pale mezani juma zima, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekisoma kifungu hicho.

Sasa wanakisoma, wote watatu. Watakaloamua ni lao, nasi tunawaombea kheri.