Sungura hahitaji karoti, anahitaji nyasi

Iwapo watoto wako wanafuga sungura hapo nyumbani, hebu jiulize ni lini ulipomwangalia meno. Najua wengi watacheka. Sisi wenyewe hatumwoni daktari wa meno mpaka jino litunyime usingizi, seuze sungura!

Hata mimi nilikuwa mmoja wa hao wa kucheka. Binti yangu alikuwa na sungura mweupe aliyempenda sana. Tulimlisha kama wengi wafanyavyo mijini: maganda ya karoti, kabichi na mkate uliobaki. Siku moja akaanza kudondosha chakula, kidevu kikalowa mate. Tulidhani amechoshwa na karoti, tukamwongezea mkate. Siku ya tatu tulimkuta amekufa. Mtoto aliniuliza, "Baba, mbona amekufa na njaa na chakula kipo?" Sikuwa na jibu.

Leo ninalo. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ana meno 28, yaani 6 ya mbele na magego 22. Yale ya mbele hukua kiasi cha milimita 2 hadi 3 kila wiki. Yasiposagika hurefuka na kupinda. Magego ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu hayaonekani. Huota ncha kali, za chini zikakata ulimi na za juu zikakata mashavu. Mnyama hutamani kula, lakini kila akitafuna anajiumiza.

Kinachoyasaga meno hayo ni nyasi. Sungura anapokula nyasi, taya lake huenda upande huu na upande ule kwa saa nyingi, na magego husagana. Mkate, karoti na vile vyakula vya tembe vya dukani huvunjika upesi na kumshibisha kabla meno hayajafanya kazi yoyote. Kipande cha mti nacho husaidia meno ya mbele tu.

Kwa hivyo nasema wazi: asiyeweza kupata nyasi asifuge sungura. Nyasi kavu za Boma Rhodes huuzwa kwa marobota, na robota moja litamtosha sungura mmoja kwa wiki nyingi. Ziwe safi na zisizo na ukungu, na zisiwe zimekatwa kando ya barabara penye moshi na taka. Awe nazo mchana na usiku. Mboga za majani zifuate, tembe ziwe kidogo, nayo karoti iwe kama peremende kwa mtoto.

Kila wiki mwinue mdomo uone kama meno ya mbele yanakutana sawasawa. Mpapase taya usikie kama lina uvimbe. Mpime uzani, kwani kukonda ndiyo dalili ya mapema. Tahadhari pia ukiona jicho linalotoa machozi, kidevu kilicholowa, au kinyesi kilichopungua na kuwa kidogo kidogo. Sungura akikosa kula kwa nusu siku, usingoje kesho. Tumbo lake likisimama kufanya kazi, anaweza kufa upesi.

Kuna makosa mawili ambayo naomba tuyaache. La kwanza ni kukata meno kwa koleo au kikata kucha. Jino hupasuka hadi mzizini na kuleta jipu. Daktari wa mifugo ana kifaa cha kuyasaga, na kwa magego humtia mnyama usingizi kwa dawa. La pili ni kumnywesha dawa za watu. Penisilini na amoksisilini zikipitia mdomoni huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura, na zinaweza kumuua yeye mwenyewe.

Na kabla ya kununua, chungulia mdomo. Baadhi ya sungura, hasa wale wadogo wenye nyuso fupi, huzaliwa na meno yasiyokutana. Hao wasizalishwe, maana watoto wao huweza kurithi shida hiyo.

Kuna watakaosema kwamba ada ya daktari inapita bei ya sungura mwenyewe. Ni kweli, na ndiyo maana nikaanza na nyasi, kwani kinga ni bora kuliko tiba. Lakini tukumbuke kwamba sungura huyo hakujifungia mwenyewe kizimbani. Angekuwa huru, angezitafuta nyasi bila kutuomba. Sisi tuliomfungia ndio wenye deni hilo, na watoto wetu wanatutazama tunavyolilipa.