Mkia wa Glaida Upimwe Kwenye Buti la Gari

Mkia wa V au mkia wa msalaba? Mpolandi Jerzy Rudlicki aliujaribu wa V angani mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hadi leo warusha glaida za rimoti hawajaacha kubishana. Tatizo ni kwamba wanabishania hewa, wakati jibu liko kwenye sanduku la safari.

Wapenzi wa V hudai kwamba mapezi mawili badala ya matatu lazima yapunguze uzito na ukinzani. Hesabu inawakatalia. Pezi lililoinama hugawa kazi yake: sehemu huinua na kushusha pua, sehemu huigeuza kushoto na kulia. Kila upande ukiwa umeinuka digrii 35, takriban theluthi mbili za eneo hufanya kazi ya mkia wa mlalo, na theluthi inayobaki kazi ya wima. Jumlisha, unarudi pale pale. Kinachookolewa ni kiungo kimoja tu.

Lakini je, safarini? Kanuni za F5J, daraja la mashindano ya glaida za rimoti, huruhusu mabawa ya hadi mita 4, na hayo wala hayasumbui, kwani hugawanywa vipande na kuunganishwa kwa fimbo ya kaboni. Msumbufu ni bomba la mkia lenye mapezi yaliyogandishwa kwa gundi, yametokeza huku na huku. Mashirika mengi ya ndege hutaka urefu, upana na kina cha mzigo visizidi jumla ya sentimita 158. Sanduku la sentimita 115 basi limebakiza 43 tu, na pezi lililosimama linazimaliza upesi.

Hapo ndipo V ya kuchomeka inapostahili sifa. Kila pezi huteleza juu ya vijiti vyembamba vya kaboni, utepe unaziba ufa, kazi imekwisha. Jioni yote mawili yanalala bapa ndani ya mfuko mmoja. Gharama ipo. Kiungo huongeza uzito nyuma kabisa, na gramu moja ya mkiani hudai gramu kadhaa za risasi puani. Kikilegea, mkia huanza kutetemeka kwenye kasi. Hata hivyo, ni gharama inayolipika.

Msalaba nao usionewe. Glaida za daraja la F3K, zenye mabawa yasiyozidi mita 1.5, hurushwa kwa kushikwa ncha ya bawa huku mrushaji akizunguka. Pezi la wima ndilo linalozuia pua isiyumbe baada ya kuachiwa, na V ingelisokota bomba. Fungua boliti mbili ndogo, pezi la mlalo limetoka, linalobaki halina ubishi na sanduku.

Wauzaji hutangaza kwa fahari upana wa mabawa, uzito na umbo la bawa. Waongeze tarakimu moja: urefu wa kipande kirefu kuliko vyote glaida ikishafunguliwa. Mnunuzi asilazimike kuigundua kwa futikamba, pesa ikiwa imeshatoka.